Tatu kwa nne au sita kwa nane? Tazama miguu kwanza

Kwaya za ukanda wetu hubadilishana nyimbo kila wiki. Karatasi ya nota ikipigwa picha Mwanza leo, jioni iko mazoezini Kampala au Bujumbura. Maneno hufika salama, na sauti zote nne hufika. Kinachopotea njiani ni mwendo, na mara nyingi kosa liko kwenye tarakimu mbili zinazoandikwa mwanzoni mwa wimbo.

Nililiona hilo katika mazoezi ya kwaya moja Bukoba. Wimbo wa ngoma kutoka Uganda, ulioandikwa 3/4, uliimbwa taratibu kama walzi. Mama mmoja aliyeolewa kutoka huko alinyamaza, kisha akaanza kuupigia makofi. Mwalimu alipohesabu matatu, mama alipiga mawili.

Hesabu ya karatasi haikuwa na kosa. Baa ya 3/4 hubeba nota fupi sita, na ya 6/8 hubeba sita hizohizo. Ila 3/4 huzifunga mbilimbili, yakapatikana mapigo matatu. 6/8 huzifunga tatutatu, yakawa mawili. Kwa hiyo anayehesabu nota tu atabahatisha. Atazame miguu ya wachezaji inakanyaga wapi, na asikilize maneno. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho. Silabi hiyo ikikwepa pigo zito kila mara, kuna sababu ya kushuku mistari ya baa.

Wanaotumia solfa hawajaepuka mtihani huu. Nukta mbili zao hutenganisha mapigo na mstari wima hutangulia pigo zito, hivyo ni lazima wachague vilevile.

Ipo miziki inayokataa chaguo lenyewe. Kwenye amadinda ya Baganda, wapigaji wawili hukaa wakitazamana, kila mmoja akipiga katikati ya mapigo ya mwenzake. Pigo la kwanza ni la nani? Mtafiti Gerhard Kubik wa Austria, aliyefundishwa na Evaristo Muyinda, aliandika muziki huo kwa namba za mbao, 1 hadi 5. Kwa maoni yangu alifanya vyema.

Bukoba haikuhitaji kufika huko. Mwalimu alifuta 3/4, akaandika 6/8, bila kubadili sauti hata moja. Nakala ya kwanza ilikuwa imeshatumwa Bujumbura, kwa hiyo akatoka nje kupiga simu.