Farasi Hapewi Mbio Kabla ya Lijamu

Tangu barabara iliyopanuliwa ya Nairobi hadi Thika ilipofunguliwa mwaka 2012, vijana wa huko wameshikwa na mapenzi ya Subaru Impreza za zamani zenye turbo. Nilipozizungukia gereji za Ruiru na Thika niliona jambo moja: fedha huanzia kwenye injini, breki hukumbukwa mwisho.

Na hesabu yake, msomaji mpenzi, ni nyepesi. Mwendo ukizidi mara mbili, kazi ya breki huzidi mara nne. Kazi hiyo yote hugeuka moto kwenye diski. Oili ya breki iliyozeeka huwa imekunywa unyevu. Ikipata moto huchemka, ikatoa mapovu, na pedali ikazama hadi chini gari ingali inakwenda.

Ndipo wengine hutoa breki za mbele za pistoni mbili, wakatia za pistoni nne pamoja na diski kubwa zaidi. Fundi mmoja wa Ruiru alinionya: “Kwanza pima rimu, maana ndogo haitaenea. Pili, badili oili na mipira iliyochakaa. Tatu, chunga mizani. Za nyuma zikishika kuliko za mbele, gari itageuka mkia mbele.”

Asiye na uwezo huo na aanze na pedi za asili na oili mpya. Diski kubwa yenye pedi bandia ni pambo tu, na abiria aliyeketi kando yako ni amana.