Meya wa New York na Kibanda cha Kerugoya

Shangazi yangu aliolewa Kerugoya miaka mingi iliyopita, akaliacha joto la Mombasa akaenda kuzoea baridi ya Mlima Kenya. Nilipomzuru mapema mwaka huu nilimkuta kibandani mwake sokoni, mjukuu amelala juu ya jora la kitambaa. Hata salamu hazijaisha akaniambia, “Mtoto wa Kampala ameapishwa kwa Msahafu, meya wa New York! Nanyi waandishi mmenyamaza?” Basi naandika.

Zohran Kwame Mamdani alizaliwa Kampala mwaka 1991. Jina la Kwame alipewa kwa heshima ya Nkrumah. Baba yake, Profesa Mahmood Mamdani, ni miongoni mwa Wahindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mama yake ni Mira Nair, mtengenezaji filamu. Kijana alifika New York akiwa na umri wa miaka saba. Tarehe 4 Novemba 2025 alipata kura zaidi ya milioni moja, na siku ya kwanza ya 2026 akawa meya wa kwanza Muislamu wa jiji hilo.

Ni haki yetu kufurahi. Hata hivyo nachelea furaha yetu isije ikaishia kwenye jina, kwani waliompigia kura, wengi wao si Waislamu, walivutwa na mambo ya nyumbani kabisa: kodi ya pango isipandishwe, mabasi yawe bure, na malezi ya watoto bila malipo tangu wiki sita hadi miaka mitano. Mama asilazimike kuchagua baina ya kazi na mwanawe.

Je, meya anaweza hayo? Kodi, kwa kiasi. Nyumba zipatazo milioni moja hupangiwa kodi na bodi ya watu tisa, na wajumbe wake huteuliwa na meya. Lakini mabasi yako chini ya mamlaka ya jimbo, na kodi ya mapato ya matajiri haipandi bila idhini ya bunge la jimbo huko Albany. Ahadi ni za meya. Fungu kubwa la fedha li mikononi mwa wengine.

Shangazi akacheka. “Sisi hata meya hatuna.” Ni kweli. Mameya wetu wa zamani walichaguliwa na madiwani, si na wananchi moja kwa moja, na cheo hicho kiliondoka baada ya uchaguzi wa 2013 zilipoingia serikali za kaunti. (Nairobi, tusisahau, iliongozwa na mwanamke, Margaret Kenyatta, tangu 1970 hadi 1976.) Siku hizi tunampigia kura gavana, na Kirinyaga ilikuwa miongoni mwa kaunti tatu za kwanza kumchagua mwanamke, Anne Waiguru, mwaka 2017.

Lakini jambo lililomshangaza shangazi ni jingine. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazikabidhi kaunti masoko, elimu ya chekechea na, kwa kutajwa waziwazi, vituo vya malezi ya watoto. Lile lililomfikisha Mamdani madarakani limeandikwa katika Katiba yetu tangu alipokuwa kijana wa miaka kumi na minane! Na Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika kazi zake, bajeti ikiwamo.

Alimtazama mjukuu juu ya lile jora, akaniuliza mikutano ya bajeti hufanyika siku gani. Nikamwambia aanze kwa mwakilishi wa wadi yake. Akamwamsha mtoto, akamfunga mgongoni kwa leso, akaniachia kibanda nimshikie hadi adhuhuri.