Prosesa iliingia, kompyuta haikuwaka

WANAOVUKA mpaka wa Mugina na Manyovu kila wiki wanajua kuchagua bidhaa. Kitenge unakishika, ndagala unazinusa, mawese unayaangalia rangi kwenye chupa. Lakini prosesa ya kompyuta ni kipande kinachokaa kwenye kiganja cha mtoto, na hata ukikigeuza mara kumi hakikuambii lolote. Mimi kilinifundisha mwezi Septemba 2025, kwa fedha ambazo hazikuwa zangu peke yangu.

Nilirudi Burundi mwaka 2012, wakati kambi ya Mtabila kule Kasulu ilipofungwa. Watu sita tuliokuwa majirani kambini tuliunda kikundi cha akiba. Kila Jumapili kila mmoja anatia alichonacho kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Kwa sanduku hilo tulifungua sekretariati ndogo hapa Nyanza-Lac: kupiga chapa barua, kutoa fotokopi, kujazia wafanyabiashara fomu zao. Tuna kompyuta nne za mezani zilizotumika Ulaya, zote za aina moja.

Ndani ya kila kompyuta kuna prosesa ya Intel Core i3-6100, ya kizazi cha sita, iliyoanza kuuzwa mwaka 2015. Prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote za kompyuta, na hiyo ina viini viwili tu. Kwa barua moja inatosha. Lakini mteja akifika na nyaraka zake kwenye simu, ukafungua intaneti, ukafungua na printa, mashine inaganda huku lori la mtu linasubiri barabarani.

Ikaja na habari nyingine. Microsoft ilikuwa imetangaza kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 itaacha kutoa bure marekebisho ya usalama ya Windows 10. Windows 11 nayo, kwa upande wa Intel, inapokea prosesa za kizazi cha nane na kuendelea, isipokuwa chache sana za kabla yake. Kununua kompyuta mpya nne hatukuweza. Nikasoma mahali kwamba kizazi cha nane nacho kinakaa kwenye soketi iitwayo LGA 1151, sawa kabisa na yetu. Nikajiona nimepata njia ya mkato: badala ya kununua mwili mpya, nitabadilisha moyo.

Wiki hiyo nilikuwa nimetumwa Kigoma kununua wino wa printa na katoni za karatasi. Nilipofika nikapita kwenye duka la vifaa vilivyotumika. Nikamwonyesha kijana wa dukani picha ya soketi yetu kwenye simu.

“Kaka, hii i5 ya kizazi cha nane inaingia hapa?”

“Inaingia bila shida, kaka.”

Nikachukua i5-8400 mbili, zenye viini sita kila moja. Bei ya kila moja ilikaribia gunia la mchele. Wino sikununua.

Usiku, sekretariati ikiwa imefungwa, nikaanza kazi. Nilichomoa waya wa umeme, nikafungua skrubu za feni, nikaitoa pamoja na kipoozeo chake, nikafuta pesti ya zamani iliyokauka kama udongo. Nikainua kiwiko cha soketi na kutoa prosesa ya zamani. Katika soketi za namna hii vipini viko kwenye mazabodi, vyembamba kuliko nywele, wala haviko kwenye prosesa. Kimoja kikipinda, mazabodi nzima inaweza kuharibika, kwa hiyo nilishusha prosesa mpya taratibu bila kuisukuma. Ikakaa barabara. Vijino vya pembeni vililingana na kiwiko kikafunga. Nikatia pesti mpya kiasi cha punje ya mchele, nikarudisha feni, nikawasha.

Feni ikazunguka. Kioo kikabaki cheusi.

Nikabadilisha memori, nikabadilisha waya wa kioo, nikajaribu kompyuta ya pili na prosesa ya pili. Hali ilikuwa ile ile. Ilipofika saa nane za usiku nilikuwa nimekaa sakafuni nikifikiri namna ya kuwaeleza wenzangu kuhusu wino.

Alfajiri nikapanda basi kwenda Bujumbura, kwa fundi mmoja mzee wa Buyenzi. Nilimwamkia, nikaweka prosesa mezani. Akasoma maandishi yaliyo mgongoni, akaniuliza chipseti ya mazabodi yetu. Nikamwambia sijui. Akaangalia picha kwenye simu yangu na kunijibu mwenyewe: H110.

“Mwanangu,” akasema, “wewe umevuka mpaka mara ngapi?”

Nikamwambia sihesabu.

“Basi. Kupita barabarani ni jambo moja, kugongewa muhuri ni jambo jingine. Soketi ni barabara. Muhuri uko kwa chipseti na BIOS.”

Akanifafanulia. Soketi ya LGA 1151 ina vipini 1,151. Mazabodi za mfululizo wa 100, kama H110, zilitoka na kizazi cha sita. Za mfululizo wa 200 zilifuata na kizazi cha saba mwaka 2017. Kizazi cha nane kilipotoka mwishoni mwa mwaka huo huo, idadi ya vipini na umbo la soketi havikubadilika, ila baadhi ya vipini ambavyo awali viliachwa bila kazi vilipewa kazi ya kupitisha umeme. Intel ikataka kizazi hicho kiwekwe kwenye mazabodi za mfululizo wa 300 tu. Ndiyo maana prosesa inakaa vizuri na kompyuta haiwaki. Wapo mafundi waliofaulu kulazimisha kwa kubadilisha BIOS na kuziba baadhi ya vipini, lakini fundi wangu alisema kazi hiyo haifanyiwi kwenye mashine inayolisha familia sita.

Nikamkumbuka yule kijana wa Kigoma. Hakunidanganya. Nilimwuliza kama inaingia, sikumwuliza kama itawaka.

Fundi akazipima prosesa zangu kwenye mazabodi ya mfululizo wa 300 aliyokuwa nayo. Zote mbili zilikuwa hai. Akazichukua, akanipa badala yake i5-7500 mbili za kizazi cha saba, na fedha kidogo juu yake. I5-7500 ina viini vinne, mara mbili ya tulivyokuwa navyo, na H110 inaikubali. Inakula wati 65, wakati ile ya zamani ilikula 51, kwa hiyo alinitaka nihakikishe feni ni safi na inazunguka vizuri.

“Ila usiiweke leo,” akaonya. “Mazabodi yako ilitoka kiwandani kabla kizazi cha saba hakijazaliwa. Jina lake halimo kwenye daftari.”

Daftari hilo ndilo BIOS, programu ndogo iliyo ndani ya mazabodi, inayoamka kabla ya kitu kingine chochote na kutambua kilichochomekwa. Kama BIOS ni ya zamani, haiijui prosesa mpya. Dawa yake ni kurudisha prosesa ya zamani, kuwasha, kusoma toleo la BIOS, kisha kuchukua toleo jipya kwenye tovuti ya mtengenezaji wa mazabodi hiyo hiyo, lenye jina na namba ile ile. Faili linawekwa kwenye flashi, na kazi inafanywa kupitia menyu ya BIOS yenyewe. Hatari ni moja: umeme ukikatika katikati, mazabodi inaweza isiamke tena.

Sisi tunaoishi huku tunajua umeme wetu. Nikabeba kompyuta zile mbili, moja baada ya nyingine, hadi kwa jirani mwenye betri za sola. Ya kwanza ilikwenda salama. Ya pili ilipofika katikati, taa za mtaa mzima zikazimika. Ndani ya nyumba ya jirani hakuna aliyesema neno. Mstari kwenye kioo ukaendelea kusogea polepole mpaka mwisho, kompyuta ikajizima na kujiwasha yenyewe.

Ndipo nikaweka i5-7500. Kioo kikawaka, na jina la prosesa likaandikwa kwenye ukurasa wa kwanza. Sikulala usiku huo pia, lakini safari hii kwa furaha.

Jumapili nikasimama mbele ya kikundi na kueleza yote, kuanzia wino mpaka betri. Mama mkubwa wa kikundi, anayeshika ufunguo wa kwanza, alinisikiliza mpaka mwisho.

“Kompyuta zinakwenda?” akauliza.

“Zinakwenda, mama.”

“Ungetuomba tungekupa. Sasa wino utaununua wewe.”

Nimeununua, kwa kuweka kidogo kidogo, na sasa hakuna anayebadilisha matumizi ya fedha ya sanduku bila wote sita kukubali.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba nilipata nilichokitafuta. Kizazi cha saba hakikutufikisha Windows 11. Kompyuta zile mbili tumezitia Linux, ambayo ni ya bure na inaendelea kupata marekebisho ya usalama, na ndizo zinazoingia kwenye intaneti. Mbili nyingine zimebaki na Windows 10 bila intaneti, kwa kupiga chapa na kuchapisha. Foleni imepungua, na madereva wa malori hawatupigii tena honi.

Kwa hiyo ewe unayevuka na vifaa hivi, kila mlango na ufunguo wake. Kabla hujatoa shilingi au faranga, andika mambo manne kwenye karatasi: aina ya soketi, chipseti ya mazabodi, toleo la BIOS, na wati ambazo mazabodi na feni vinaweza kubeba. Kisha fungua orodha ya prosesa zinazokubaliwa, iliyo kwenye tovuti ya mtengenezaji wa mazabodi. Kama jina halimo, acha. Usitupe wala usiuze prosesa ya zamani kabla mpya haijawaka, kwa kuwa bila hiyo hutaweza kuifundisha BIOS.

Na ukifika dukani, usiulize kama inaingia. Mwombe muuzaji aiwashe mbele yako kwenye mazabodi kama yako. Kama hana mazabodi ya namna hiyo, kamata karatasi yako, nunua wino uliotumwa, na urudi nyumbani.