Mutu mukubwa mwenye kusahau kila kitu: musaada upo wapi?

Fundi wa kushona anapokea kazi tatu asubui, anaanza zote, na magaribi hakuna hata moja iliyoisha. Nguo ya harusi imebaki nusu, telefone amesahau nyumbani, wateja wanafoka. Bibi yake anasema ni uvivu. Majirani wanasema amelogwa.

Wanganga wana jina la hali kama hiyo: TDAH, kwa herufi za Kifaransa. Wengi wanafikiri ni mambo ya watoto tu. Kweli inaanza mbele ya miaka 12, lakini kwa wengi haiishi pale. Mutoto aliyerukaruka darasani anakuwa mutu mukubwa asiyetulia moyoni.

Ndiyo maana munganga anauliza kwanza: ulikuwa namna gani kwenye masomo ya musingi? Huku kwetu Kivu swali hilo lina uzito. Mutu aliyekimbia risasi na asiyelala usiku naye anasahau, naye anashindwa kukaza akili. Kama shida ilianza kiisha kukimbia, pengine ni woga ao huzuni ya vita, na matunzo yake ni mengine. Hakuna kipimo cha damu kinachoweza kukata neno. Buletini za zamani na mama mwenye kukumbuka vinasaidia zaidi.

Dawa inayojulikana sana ni metilfenidati. Inalindwa na mapatano ya mataifa ya mwaka 1971, na mwaka 2019, tena 2021, wataalamu wa OMS walikataa kuiweka kwenye orodha ya dawa za lazima. Usishangae basi kama farmasi ya mutaa haina. Lazima munganga aiandike, kiisha kupima tansio na moyo. Ya kuuziwa barabarani, acha.

Lakini matunzo si kidonge tu. Musaikolojia anafundisha kugawa kazi vipandevipande, kuandika kila ahadi kwenye kaye moja, kutega saa ya telefone. Inaonekana kama mambo madogo. Kwa fundi wetu ni feza ya kodi.

Kwa magonjwa ya akili, Bukavu kuna Sosame, Goma kuna Tulizo Letu, Kinshasa kuna CNPP. Wengi wanaogopa kuonekana kwenye mulango wa nyumba hizo. Mwenye aibu aanzie kwa munganga wa kituo cha afya, na asiende peke yake: aende na bibi yake, yule anayesema ni uvivu, asikie naye.