Presha ya Macho na Namna Tunavyolala

Wapendwa wa Masisi na Walikale, wengi wenu mmesikia kwamba kulala vibaya kunaleta upofu. Kuna ukweli ndani yake, ila umechanganyika na hofu.

Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa mchana na usiku, nayo hutoka kwa njia ndogo sana. Njia hiyo ikibanwa, presha inapanda na kuumiza mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Huo ni ugonjwa wa glakoma, ambao wengi wanauita presha ya macho. Si presha ya damu. Wala si mtoto wa jicho, ambaye huondolewa kwa upasuaji na mtu akaona tena. Kile ambacho glakoma imekula hakirudi. Nayo mara nyingi huanza pembeni, bila maumivu, mpaka mzee anagonga mwimo wa mlango na watu wanasema ni uzee, au wanamtafuta mchawi.

Kwa kawaida presha ya jicho ni kati ya 10 na 21, kwa kipimo cha milimita za zebaki. Mtu yeyote akilala, inapanda kidogo kuliko akiwa ameketi. Akilala ubavu, jicho la upande wa chini hubeba zaidi. Akilala kifudifudi, inapanda zaidi tena. Kwa mwenye macho mazima hilo si ugonjwa. Lakini kwa mwenye glakoma, saa saba kila usiku ni nyingi. Afadhali alale chali, au asilalie upande wa jicho lililoumia zaidi, na kitanda kiinuliwe upande wa kichwa kwa matofali. Kurundika mito inayokunja shingo hakusaidii.

Mtatuuliza: kitanda gani? Tunazijua familia zilizolala darasani na chini ya maturubai, watu sita kwenye mkeka mmoja, kila mtu akilala alipopata nafasi. Basi mwenye ugonjwa huu apewe nafasi ya ukutani, aegemeze mgongo na kichwa kiwe juu. Na katika makesha, asilazimishwe kuomba kifudifudi saa nzima. Mungu anamsikia na aliyeketi.

Tunachoogopa ni mtu kusoma haya kisha akaacha matone yake. Namna ya kulala inasaidia kidogo tu. Matone ndiyo yanayoshusha presha, kila siku, hata kama huoni tofauti yoyote. Wengi wamekimbia vita wakaacha chupa nyumbani. Chupa ni ndogo: ifungwe pamoja na fishi ya hospitali na kitambulisho. Anayefika Goma kwa daktari wa macho aombe za miezi kadhaa, maana barabara haifunguki kila siku.

Jicho likiwa jekundu ghafla, likiuma pamoja na kichwa na kutapika, msingoje asubuhi.

Sisi Waafrika tunapatwa na glakoma kuliko wengi, na inatembea katika ukoo. Kama mzazi au ndugu wa tumbo moja alipofuka hivyo, nawe umefikisha miaka 40, upimwe presha ya macho, hata kama bado unasoma Biblia bila miwani.