Kuvu ya Mahindi na Ini la Mwanadamu

Vijidudu vingi viuguzavyo mimea havimdhuru mwanadamu. Virusi viletavyo batobato, kwa mfano, hukomea katika mhogo. Kuvu iitwayo Aspergillus flavus si ya namna hiyo. Hukaa udongoni, na chembe zake za uzazi, laini kama vumbi, hupeperushwa hadi kwenye mahindi na karanga. Mmea uliodhoofishwa na ukame, au punje iliyotobolewa na wadudu, huipa njia ya kuingia. Humo hutengeneza sumu iitwayo aflatoksini.

Ni vifo vya bata mzinga vilivyoifichua sumu hii. Mwaka 1960, nchini Uingereza, zaidi ya 100,000 walikufa kwa kulishwa mashudu ya karanga. Mwaka 2004 maafa yaliwafikia watu wa mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui: 317 waliugua, ini likiharibika na macho kugeuka manjano, na 125 wakafa. Wengi walikuwa wamekula mahindi waliyoyalima wenyewe, yaliyowekwa nyumbani yangali mabichi. Nayo sumu iliwayo kidogo kidogo kwa miaka mingi huleta saratani ya ini.

Jambo la kutisha zaidi ni kwamba moto wa jikoni huiua kuvu, lakini sumu hubaki katika ugali. Kinga, basi, huanza kabla ya chungu: mahindi yaanikwe upesi juu ya turubai, yasiguse udongo, hata unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5. Punje zilizooza zichambuliwe, wala asipewe ng'ombe, maana sumu hupita hata katika maziwa.