Herufi Q na Mwana wa Chuoni

Katika Kibera, mtaa ulioasisiwa na askari wa Kinubi, Waislamu ambao lugha yao ina asili ya Kiarabu, mtoto achezaye Scrabble huiogopa herufi Q. Ina alama 10, lakini maneno mengi ya Kiingereza huidai U baada yake. Kati ya yasiyoidai, mengi yametoka katika Kiarabu: qadi, qibla, niqab, talaq, waqf. Kamusi ya Collins ya mchezo huo huyakubali. Nasi twayajua: kadhi, kibla, nikabu, talaka, wakfu. Neno waqf pekee lina alama 19.

Basi mama asiyesoma Kiingereza asidhani hana la kumfunza mwanawe. Baada ya Isha, bila kuwekeana dau, aketi naye. Elimu ya chuoni na ya skuli ni ndugu.